Maswali ya Wasomaji: Rangi ya triaji inaaminika kwa kiasi gani?

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa wahudumu wa idara za magonjwa ya dharura, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: utajuaje kwamba mfumo wa triaji, yaani wa kupanga wagonjwa kwa uharaka, unafanya kazi iliyokusudiwa? Mifano mingi hapa ni ya SATS, mfumo wa Afrika Kusini unaotumia, kuanzia wa haraka zaidi, nyekundu, chungwa, njano na kijani (bluu ni ya aliyefika amefariki), kwa kuwa ndio mnaoutaja zaidi.

Hospitali yetu ya mkoa inataka kuanza SATS. Kwenye mafunzo tuliambiwa mfumo huu umeshathibitishwa, kwa hiyo hakuna haja ya kuupima tena. Ni kweli?
*Muuguzi kiongozi, Dodoma*

Umethibitishwa, ila uliza umethibitishwa kwa wagonjwa gani na kwa kutabiri nini. Kikundi kilichouunda kilianza kazi Cape Town mwaka 2004, na mwaka 2006 ukaanza kutumika katika jimbo la Western Cape. Tangu hapo umepimwa sehemu nyingi, zikiwemo hospitali za Madaktari Wasio na Mipaka huko Afghanistan, Haiti na Sierra Leone. Matokeo hayakufanana, na hilo si la kushangaza: hospitali ya majeruhi watupu haipokei wagonjwa sawa na hospitali ya mkoa yenye mchanganyiko wa malaria, presha, uzazi na bodaboda.

SATS ina sehemu mbili. Ya kwanza ni alama za TEWS: unapima mwendo wa mgonjwa, idadi ya pumzi kwa dakika, mapigo ya moyo, presha ya juu (ile namba ya kwanza ya presha), joto, hali ya fahamu na kama ameumia. Alama 7 na kuendelea ni nyekundu, 5 hadi 6 ni chungwa, 3 hadi 4 ni njano, 0 hadi 2 ni kijani. Sehemu ya pili ni orodha ya dalili za hatari, ambayo inaweza kumpandisha mgonjwa hata kama alama zake ni ndogo.

Mchukue mzee wa miaka 58 mwenye maumivu ya kifua. Ameingia akitembea (0), pumzi 18 (1), mapigo 96 (0), presha ya juu 138 (0), joto 36.7 (0), anajitambua (0), hajaumia (0). Jumla ni 1, yaani kijani, na kijani inaruhusiwa kusubiri hadi saa nne. Orodha ya dalili inasema maumivu ya kifua ni chungwa, yaani aonwe ndani ya dakika 10. Muuguzi aliyejaza alama na kuruka orodha amempeleka mzee huyo kwenye benchi, na karatasi yake haina kosa hata moja la hesabu.

Sasa geuza upande wa pili. Kijana ana malaria isiyo kali: joto 39 (2), mapigo 112 (2), pumzi 20 (1). Alama 5, chungwa. Cape Town haina malaria, kwa hiyo waliouunda mfumo hawakuwa na foleni ya watu wa namna hii kila asubuhi ya msimu wa mvua. Ninyi mnayo. Huenda chungwa yenu ikajaa homa, na wagonjwa wanaopaswa kuonwa ndani ya dakika 10 wakawa wengi kuliko madaktari waliopo.

Kwa hiyo jedwali lenyewe la alama msilipime upya. Pimeni mambo matatu ya kwenu: kama vipimo vinachukuliwa kweli, kama wauguzi wawili wakimwona mgonjwa mmoja wanafika kwenye rangi moja, na kama waliopewa kijani na njano wanabaki salama.

Kwenye utafiti wangu wa uzamili, msimamizi mmoja anasema wagonjwa walioshushwa daraja ni 15%. Mwingine, kwa data ileile, amepata 4%. Nani kakosea?
*Mwanafunzi, Dar es Salaam*

Hesabu za wote wawili ni sawa. Wamegawanya kwa vitu tofauti, na hapa ndipo tafiti nyingi za triaji zinapowachanganya wasomaji, wakati mwingine na waandishi wenyewe.

Tuweke namba za mfano zinazoleta majibu hayo mawili. Wagonjwa ni 400. Jopo la wataalamu limepitia mafaili na kusema 80 walihitaji nyekundu au chungwa. Wauguzi waliwapa nyekundu au chungwa watu 100, na kati ya hao 68 ndio waliostahili. Maana yake, 12 waliostahili haraka waliwekwa njano au kijani (hao ndio walioshushwa daraja), na 32 wasiostahili walipandishwa.

Msimamizi wa kwanza kachukua 12 akagawa kwa 80, yaani wote waliohitaji haraka: 15%. Wa pili kachukua 12 akagawa kwa 300, yaani wote waliopewa njano na kijani: 4%. Ukifanya hivyo kwa waliopandishwa unapata tena namba mbili: 32 kwa 320 ni 10%, na 32 kwa 100 ni 32%.

Kwa kushushwa daraja, sisi tunashika 15%. Swali la mgonjwa ni hili: nikiwa mahututi, nina nafasi gani ya kuachwa kwenye benchi? Ile 4% inapendeza kwa sababu wagonjwa wenye maradhi madogo ni wengi. Ukiongeza watu 600 wenye mafua, wote wakapewa kijani, namba hiyo inakuwa 12 kwa 900, yaani 1.3%, na hakuna muuguzi aliyejifunza lolote. Ile 15% haitikisiki.

Kuna mtego mwingine. Utaona makala nyingi zikisema kushushwa daraja kusizidi 5% na kupandishwa 25 hadi 35% kunavumilika. Viwango hivyo vimetoka kwa Chuo cha Madaktari Wapasuaji cha Marekani, na viliwekwa kwa ajili ya majeruhi na vituo vyao maalumu, si kwa mama mwenye kifafa cha mimba wala mtoto mwenye nimonia. Hata kwenye mambo ya majeruhi fomula zote mbili zinatumika. Ukiazima kiwango, sema umeazima, na hakikisha mgawanyo wako ni ule ule wa kiwango unachojipima nacho. La sivyo, ile 4% itakufanya uandike kwamba hospitali imefaulu, na 15% itakufanya uandike kwamba imeanguka, kwa wagonjwa walewale.

Katika ripoti chapisha jedwali zima la namba nne: 68, 32, 12, 288. Anayetaka kugawanya atagawanya mwenyewe. Na usiiache 15% peke yake: kwa watu 80 tu, kiwango halisi, kwa uhakika wa 95%, kinaweza kuwa popote kati ya kama 9% na kama 24%. Ukifika hapo, toa yale mafaili 12 uyasome moja moja. Andika kila mmoja aliingia saa ngapi, alilalamika nini, kipimo gani hakikuchukuliwa. Kurasa mbili za maelezo hayo zina manufaa kwa idara kuliko sura nzima ya takwimu.

Tumelinganisha rangi na kulazwa wodini. Theluthi ya wagonjwa wetu wa nyekundu waliruhusiwa siku hiyohiyo. Je, wauguzi wanapandisha ovyo?
*Daktari, Mombasa*

Bado hujui, Daktari. Kulazwa kunapimika kirahisi, ndiyo maana watu wanapenda kipimo hicho, lakini kunapima kitu kingine.

Mgonjwa wa kisukari analetwa amezimia, sukari iko chini ya 3 mmol/L. Kwa SATS huyo ni nyekundu bila mjadala. Anapewa dekstrosi (sukari) ya mshipa, dakika chache baadaye anauliza viatu vyake viko wapi, jioni anarudi nyumbani. Kwenye jedwali lako ameandikwa kama nyekundu ya bure. Ndivyo ilivyo kwa mtu aliyevimba koo kwa mzio akachomwa adrenalini. Kadiri timu inavyotibu vizuri, ndivyo mfumo unavyoonekana kuwa na makosa.

Upande wa pili yuko mgonjwa wa saratani aliyekuja kuongezewa damu kwa utaratibu. Analazwa, ila saa mbili za kusubiri hazimdhuru. Halafu kuna mambo ambayo hayahusu ugonjwa kabisa: vitanda vimejaa au la, bima ipo au la, na kama anaishi Likoni au ametoka Lamu na hawezi kurudi usiku.

Vifo navyo vina kasoro zake. Anayefia wodini siku ya tisa huenda hakuwa na dharura saa ile ya triaji. Ukitumia vifo, weka kikomo cha saa 24 au 48 na useme kwa nini.

Njia tunayoipendelea ni kuorodhesha, kabla ya kufungua faili lolote, hatua za tiba ambazo zikichelewa saa moja zinaleta madhara: kufungua njia ya hewa, kusaidia kupumua, kushtua moyo kwa umeme, adrenalini, maji ya mshipa kwa kasi kwa aliyeshuka presha, damu ya dharura, dawa ya kuzuia degedege, sukari ya mshipa, bomba la kifua, kwenda chumba cha upasuaji moja kwa moja. Aliyepata angalau moja ndani ya saa moja, au aliyeingia chumba cha wagonjwa mahututi, au aliyefariki ndani ya saa 24, mhesabu kuwa alistahili haraka. Orodha hii pia ina tundu: mgonjwa aliyehitaji damu na damu haikuwepo hataonekana. Ndiyo maana uandike "alihitaji" na "alipata" katika safu mbili tofauti.

Kama mna uwezo wa jopo, bora zaidi. Wataalamu watatu, kila mmoja peke yake, rangi iliyotolewa imefunikwa. Mzunguko wa kwanza wanaona yale tu aliyoyaona muuguzi mlangoni, wanatoa rangi. Mzunguko wa pili wanaona faili zima, wanatoa rangi tena. Tofauti kati ya mizunguko miwili inakuonyesha makosa ambayo hata bingwa angeyafanya kwa taarifa zile, na hayo si ya kumlaumu muuguzi. Wakiona utambuzi wa mwisho tangu mwanzo, kila kitu kitaonekana kilikuwa wazi.

Tahadhari kwa wanaotumia ESI, mfumo wa triaji wa Marekani: daraja la 3, 4 na 5 hutolewa kwa kukadiria ni huduma ngapi mgonjwa atahitaji (mbili au zaidi, moja, hakuna). Ukija kuipima ESI kwa kuhesabu huduma alizopata, unajizungusha mahali pamoja. Lazima uwe na kipimo cha nje, kama vifo vya mapema au tiba za dharura.

Wauguzi wetu wawili wamekubaliana kwa 90% ya wagonjwa, lakini mtakwimu anasema kapa ni 0.44, yaani "wastani". Inawezekanaje?
*Muuguzi, Kigoma*

Inawezekana kabisa. Tuseme wagonjwa ni 100 na mnatenganisha "kijani" na "si kijani". Wote wawili wamesema kijani kwa 85, wote wamesema si kijani kwa 5, na wametofautiana kwa 10, watano kila upande. Kila muuguzi amewapa kijani watu 90. Hata kama wangebahatisha tu kwa kiwango hicho, wangekubaliana kwa 82%. Kapa inauliza umeongeza kiasi gani juu ya bahati: 90 toa 82 ni 8, gawa kwa 18 zilizobaki, 0.44. Wagonjwa wakiwa karibu wote wa rangi moja, kapa huporomoka. Toeni namba zote mbili pamoja na jedwali.

Yale majina ya "wastani" na "kubwa" yanatoka kwa Landis na Koch, mwaka 1977: 0.41 hadi 0.60 wastani, 0.61 hadi 0.80 kubwa. Ni mipaka waliyojiwekea wenyewe, haina sheria nyuma yake.

Angalieni zaidi kapa yenye uzito, ile inayompa alama kiasi aliyekosea kidogo. Kwa rangi nne, uzito wa mraba unampa aliyekosea hatua moja alama 0.89 ya ukubalifu, na uzito wa mstari ulionyooka unampa 0.67. Kwa hiyo mtu anaweza kuchagua uzito na namba ikapanda bila chochote kubadilika. Tena uzito haujali upande: nyekundu iliyoitwa chungwa na kijani iliyoitwa njano zinahesabiwa kosa sawa, wakati mlangoni si sawa hata kidogo.

Na mlipima kwa visa vya kuandikwa au kwa wagonjwa hai? Kwenye karatasi pumzi zimeshahesabiwa na historia imenyooka. Kwa mgonjwa hai, wauguzi wawili wapishane dakika chache tu, wasisikizane, na yule wa pili apime upya kila kitu. Akinakili vipimo vya mwenzake mmepima kusoma jedwali, basi.

Baba yangu alikaa saa tatu, huku aliyekuja nyuma yake akiingizwa mara moja. Nitajuaje kama alionewa?
*Msomaji, Tanga*

Kupitwa peke yake si uonevu. Anayepumua kwa shida atampita mwenye jino. Muulize muuguzi wa triaji mambo mawili: mzee amepewa rangi gani, na atapimwa tena saa ngapi. La pili ndilo kubwa. Rangi ni ya hali ya dakika ile, na anayesubiri muda mrefu anapaswa kupimwa upya. Akianza kutoka jasho jingi, kuchanganyikiwa au kupumua haraka, usisubiri zamu, rudi dirishani.

Tumegundua watoto wachanga wetu karibu wote wanatoka nyekundu au chungwa. Shida ni nini?
*Tabibu, Geita*

Angalia karatasi mnayotumia. SATS ina karatasi tatu: mtu mzima (zaidi ya miaka 12 au urefu wa sm 150), mtoto wa miaka 3 hadi 12, na chini ya miaka 3. Mtoto wa miezi miwili mwenye pumzi 40 na mapigo 135 ni mzima kabisa, ila kwenye karatasi ya watu wazima pumzi zinampa 3 na mapigo 3. Alama 6, chungwa, kabla hujauliza kama anatembea. Kwa watoto wengi wenu mwongozo wa ETAT, wa triaji na tiba ya dharura kwa watoto, wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2005 unaweza kuwa mwepesi zaidi: dalili za dharura kwanza, za kipaumbele baadaye, foleni mwisho.

Nataka kufanya tathmini kutoka kwenye daftari la mapokezi la mwaka mzima. Nianzie wapi, na nichukue wagonjwa wangapi?
*Mkuu wa idara, Kampala*

Anza kwa kulikagua daftari kabla ya kuhesabu wagonjwa. Fungua safu ya pumzi. Aliyehesabu kwa sekunde 30 na kuzidisha mara mbili atapata namba shufwa za kila aina: 14, 18, 22, 26. Aliyehesabu sekunde 15 atapata 16, 20, 24. Ukikuta 20, 20, 20, 18, 20 kurasa nzima, hakuna aliyehesabu. Na si jambo dogo: pumzi 20 ni alama 1, 22 ni alama 2, 30 ni alama 3. Mgonjwa anaweza kushuka rangi nzima kwa kipimo kimoja kilichobuniwa. Joto la 36.5 kwa kila mtu nalo lina maana ileile, na presha zote zinazoishia na sifuri pia.

Kisha tazama nafasi tupu, na uzitazame kwa rangi. Mara nyingi vipimo vinakosekana kwa wagonjwa wa aina mbili zisizofanana: waliokuwa wazima kiasi kwamba hakuna aliyejisumbua, na waliokuwa mahututi kiasi kwamba walikimbizwa ndani. Ukifuta mafaili yenye mapengo umefuta vifo vyako vingi. Na ukiyajaza kwa kudhani kipimo kisichoandikwa kilikuwa cha kawaida, umewapa mahututi alama ndogo wasizokuwa nazo. Waripoti kama kundi lao, na hatima yao ionekane.

Wapo pia walioondoka kabla ya kuonwa. Daftari litawaonyesha kama kijani waliomalizika salama. Kama simu zilichukuliwa, pigeni kwa sampuli yao.

Idadi: msingi ni wale wanaostahili haraka, si wote wanaoingia. Tuseme unatarajia 10% ya hao wanashushwa daraja, na unataka kukosea kwa pointi 5 tu juu au chini. Unahitaji kama 138 wanaostahili haraka. Kama ni mmoja kati ya watano wanaoingia, chukua mafaili kama 700. Yachukue kwa bahati nasibu katika zamu zote, usiku na wikendi zikiwemo, na miezi ya mvua na ya kiangazi. Utafiti uliofanywa saa za kazi pekee, mtafiti akiwa amesimama karibu na meza, unapima wauguzi wanaojua wanatazamwa.

Kama mfumo wenu ni ule wa rangi tatu uliotolewa mwaka 2020 na Shirika la Afya Duniani, Msalaba Mwekundu na Madaktari Wasio na Mipaka, hatua ni hizihizi. Tofauti ni kwamba njano inabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo sampuli ya njano iongezwe, na waliohama kwenda nyekundu wakiwa bado wanasubiri wahesabiwe peke yao.